Upasuaji ulichukua saa mbili, kibofu kikachukua wiki tatu

Mbwa huyu si wangu, niliolewa naye. Mume wangu ni Mwingereza aliyesilimu mwaka mmoja kabla ya ndoa yetu, na alipohamia kwangu alikuja na mabegi mawili, redio ya marehemu baba yake, na Otto, Dachshund mdogo wa kilo 5 na nusu. Ndio wale wanaoitwa mbwa soseji: mwili mrefu, miguu mifupi kama ya kigoda. Tukawekeana mipaka. Otto akae jikoni na kwenye kibaraza cha vioo kule nyuma, asiingie chumba ninachosalia, nami nisimguse nikiwa na mikono ya maji. Kwetu Tanga ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Miaka mitatu tuliishi hivyo bila ugomvi. Nilimwekea chakula, akanitikisia mkia, kila mtu na njia yake.

Mwezi wa kumi mwaka juzi mipaka ikavunjika. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, huondoka Jumapili usiku na kurudi Ijumaa. Jumanne nilimwona Otto amekunja mgongo. Jumatano alikataa kupanda kingazi kimoja cha mlangoni, na nilipomsukuma taratibu kwa mguu alipiga kelele. Nikasema ni baridi. Nafanya kazi ya kutunza wazee, maumivu ya mgongo nayaona kila siku, lakini ya mbwa sikuyasoma.

Alhamisi alfajiri nilishuka kutia udhu nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye vigae. Otto alikuwa anakuja kwangu kwa miguu ya mbele tu. Ya nyuma ilimfuata kama nguo iliyomvuka.

Nilimpigia mume wangu, akasimamisha lori huko Uskoti. Akasema mgongo usipinde, mlaze juu ya kitu kigumu. Nikaangaza macho jikoni. Kitu kigumu, bapa, chenye urefu wa kumtosha kilikuwa kimoja: sinia la pilau alilonipa mama siku naondoka Tanga. Nikalitandika taulo, nikamsukumia juu yake. Mkononi nilikuwa tayari na kidonge cha ibuprofeni nilichotaka kumpondea kwenye nyama, Mungu akanizuia, au tuseme haraka ilinizuia. Daktari aliniambia baadaye kwamba dawa hiyo yetu ya kichwa humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Kliniki ya mtaani walimbana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo ndogo. Mguu ukajivuta. Nikashukuru kwa sauti. Daktari akatikisa kichwa. Akaniambia mguu kujivuta hakusemi kitu, hayo ni mazungumzo ya mguu na uti wa mgongo, ile kamba ya neva ndani ya pingili, peke yao, habari haijafika kichwani. Anachokitazama yeye ni uso. Akabana tena, kwa nguvu, mpaka kwenye mfupa. Kulia: mguu ukajivuta, Otto anatazama ukutani kama haimhusu. Kushoto: akageuka, akanguruma, akaonyesha meno. Sijawahi kufurahi kuonyeshwa meno kama siku ile.

Kwa sababu hesabu yote imekaa hapo. Mbwa aliyepooza lakini bado anahisi maumivu yale ya ndani, akipasuliwa, takriban tisa katika kumi hutembea tena. Akishayapoteza, hubaki kama nusu, na wachache kati yao uti wa mgongo huendelea kuoza kupanda juu mpaka pumzi ikatike. Kutoka hali moja kwenda nyingine si lazima siku zipite. Yaweza kuwa saa. Yule daktari hakunificha njia nyingine: kumfungia kizimbani wiki kadhaa kwa dawa, ambayo huwafaa zaidi wanaoumwa au kuyumba tu bila kupooza, au kumlaza usingizi wa mwisho. Makadirio ya upasuaji hospitali ya rufaa yalikuwa kati ya pauni 7,500 na 9,000. Bima yetu kikomo chake 5,000.

Mume wangu alisikiliza yote kwenye spika ya simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Wewe ndiye uko naye. Amua." Nikawaambia wapige simu rufaa.

Huko ndiko nilikoelezwa ugonjwa wenyewe, na nikaelewa kwa nazi. Kati ya pingili na pingili pana diski, ngumu kandokando, laini katikati, kama dafu. Mbwa wengi hubaki na dafu miaka mingi. Dachshund, kwa kurithi kilekile kinachowapa miguu mifupi, diski zao huanza kukauka na kuwa chokaa hata kabla hawajamaliza mwaka mmoja au miwili. Dafu limekuwa nazi kavu. Siku moja, si lazima aruke wala aanguke, kando hupasuka na ile chicha hufyatuka juu, uliko uti wa mgongo, mahali pasipo na nafasi ya kitu kingine. Mara nyingi hutokea pale mbavu zinapokwisha. Otto hakwenda kinyume: picha ya MRI, ya kutazama ndani ya mwili, ilionyesha ni kati ya pingili ya mwisho ya mbavu, ya 13, na ya kwanza ya kiuno.

Walimpa nusukaputi, wakamnyoa, wakakata kidirisha ubavuni mwa mfupa, wakachokoa ile chokaa mpaka uti ukapumua. Diski mbili za jirani nazo wakazitoboa na kuzikomba ili zisije zikafanya vilevile. Kazi ya saa mbili. Saa nne usiku daktari wa upasuaji akapiga simu, anazungumza kwa upole wa watu waliochoka. Mimi muda wote ule nilikuwa nimekaa kwenye gari nikila biskuti.

Sasa ndipo habari yangu inapoanza hasa.

Siku ya nne walinipigia nikamchukue. Nesi akaniita chumba cha pembeni, akaniuliza mikono yangu ina nguvu kiasi gani. Otto alikuwa hawezi kukojoa. Amri ya kulegeza mlango wa kibofu hutoka kichwani, na njia bado ilikuwa imeziba uvimbe, kwa hiyo mlango umejifunga na kibofu kinajaa. Kikijaa kupita kiasi matone huvuja, na mwenye mbwa hudhani anakojoa. Hakojoi, anafurika. Lazima mtu amkamue, mara nne kwa siku, mpaka neva zirudi.

"Mume wangu anarudi Ijumaa," nikamwambia.

"Leo Jumatatu," akasema nesi.

Usiku ule nilimtumia ami yangu ujumbe wa sauti, maana ndiye tunayemuuliza mambo ya dini nyumbani. Nikamweleza mbwa, mgongo, kibofu, mkojo, na sala zangu tano. Nilitegemea nitakatazwa, na kusema kweli nilitamani nikatazwe. Akajibu kwa sentensi mbili. "Vaa glovu, na nguo ya kazi uitenge na ya sala. Kiumbe akifa kwa kuzuiwa mkojo nawe upo, hilo utakuja kuniuliza mimi nikujibu nini?"

Basi nikavaa glovu.

Namna nilivyofundishwa ni hii. Mbwa asimame, tumbo limeshikiliwa na taulo lililopita chini. Viganja viwili bapa, kimoja kila upande, nyuma ya mbavu kuelekea mapajani. Unatafuta kitu cha mviringo, kama chungwa likijaa, kama ndimu likiwa nusu. Ukilipata, unabana polepole na kuelekeza mkiani, na hauachii. Kosa la wanaoanza ni kutumia ncha za vidole na kubana kwa vishindo. Tumbo hukaza, unapigana na misuli badala ya kibofu. Usiku wa kwanza nilipigana dakika arobaini. Yalitoka matone. Saa saba usiku nilimrudisha kliniki ya dharura, wakamtoa mkojo kwa mpira, wakamwongezea dawa ya kulegeza mlango. Aliyenihudumia alisema kwa utani kwamba kibofu hunusa woga. Sikucheka.

Jumatano mkono ulielewa. Siwezi kuandika ulielewa vipi. Ni kama siku kidole kinapojua unga wa chapati umetosha maji. Kuanzia hapo ratiba ikajipanga yenyewe: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya magharibi, na kabla ya kulala. Kazini waliniruhusu nitoke mchana. Nilinusa mkojo kila mara na kutazama rangi, kama ninavyofanya kwa wazee wangu, na siku ya tisa ulinuka vibaya na kuwa na mawingu. Maambukizi, jambo la kawaida kwa mbwa wa hali hii. Antibayotiki.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Kizimba wiki sita, anatoka kwa haja tu. Kumkunja na kumkunjua miguu, mara kumi kila mguu. Mazulia ya bei rahisi juu ya vigae ili asiteleze. Siku ya 11 mkia ulitikisika nilipoingia, si mtikisiko wa mwili mzima, mkia wenyewe. Siku ya 16 alisimama kwa sekunde chache, akayumba kama mlevi wa mnazi, akaketi.

Siku ya 21, bustanini, giza la asubuhi, nimeinama na glovu zangu, Otto alijitoa mikononi mwangu, akachuchumaa mwenyewe. Nilipiga vigelegele. Jirani akawasha taa ya juu.

Ankara ilifika pauni 8,140. Ile 3,140 ambayo bima haikugusa ilikuwa nauli yetu ya Tanga ya mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo mama ilibidi aambiwe. Alisikiliza kimya, nikadhani simu imekatika.

"Yaani nauli imeliwa na mbwa."

"Ndiyo mama."

"Na sasa anatembea?"

"Anatembea. Mguu wa kulia anauburuza kidogo akichoka."

"Haya. Basi ntakuja mie."

Anakuja mwezi wa tano. Ameshauliza kama huku mchele wa pilau unapatikana, nikamwambia upo wa kila aina. Jana akauliza kama sinia lake bado ninalo. Nimeliosha mara saba, ya kwanza kwa udongo wa bustanini, linang'aa kuliko siku nililopewa, na Otto kila akipita kabatini lilipo husimama kidogo na kulinusa.