Siku Nyundo ya Mashine Ilipoingia Karakanani

Saa 12 asubuhi nilifungua karakana yangu hapa Tororo, na badala ya kuwasha makaa niliinama juu ya zege nikaweka pima maji. Zege hilo, msingi wa nyundo ya mashine niliyokuwa nikiingojea, lilimwagwa siku 28 kabla, katika shimo la kina cha mita 1, kwa kipimo cha ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Juu yake nilikuwa nimelaza mbao nene za mvule ili zimeze mshtuko ambao vinginevyo ungeupasua msingi. Kwa mwezi mzima majirani walikuwa wakiniuliza nimemzika nani.

Kazi yangu ni kufua visu vya bucha na mapanga kutokana na springi za malori makuukuu. Kwa mkono, mimi nikishika koleo na kijana wangu akipiga nyundo kubwa, kisu kimoja huingia motoni mara nane au tisa kabla hakijapata umbo, na bega langu la kulia limeweka hesabu ya visu vyote hivyo. Wapo wateja wanaosema kwamba kisu cha mashine si kazi ya mkono. Sibishani nao, ingawa sijawahi kumwona hata mmoja wao akijitolea kushika ile nyundo kubwa.

Saa 2 alikuja muuza nyama kuuliza visu vyake vitatu, akaambiwa vitakuwa tayari Ijumaa, akaondoka akinung'unika.

Lori liliahidiwa saa 3. Saa 4 dereva alisema yuko njiani, saa 5 akasema yuko njiani, na ilipofika saa 6 simu yake ikawa haipatikani, nami nikaanza kuamini kwamba kuna njia nyingine ya kutoka mpakani Malaba ambayo sisi wa hapa hatujaonyeshwa. Alifika saa 8, mvua ikiwa imemtangulia. Alisimama kwenye lami, akashuka, akanieleza kwa upole mkubwa: "Mzee, mimi nimelipwa kuleta, sikulipwa kuingiza." Kutoka kwenye lami hadi mlangoni kwangu ni hatua 60 za tope. Mzigo wenyewe ni nyundo ya hewa, yaani mashine ya kufulia chuma inayopiga kwa nguvu ya hewa, iliyotoka China kupitia bandari ya Mombasa. Kichwa kinachopiga kina kilo 25, lakini mashine nzima inakaribia tani 1, na sehemu kubwa ya uzito huo imekaa juu, kwa hiyo ni kitu kinachopenda kuanguka kuliko kusogea. Tuliiteremsha juu ya magogo mawili yaliyoegemezwa kwenye lori, tukiizuia kwa winchi ya mnyororo, kisha tukatandika mbao kwenye tope na kupanga mabomba ya chuma juu yake. Mashine ilipolivuka bomba la nyuma, kijana alilichomoa na kukimbia kuliweka mbele, na hivyo hivyo, shibiri kwa shibiri, huku waendesha bodaboda wakitushauri kutoka kivulini. Nilikuwa na sharti moja tu, kwamba asisimame mtu upande ule ambao mashine ingeangukia, nami nililirudia hadi sauti ikakauka. Tulipofika katikati, vijana wa kubeba waliketi wakaongeza bei. Niliwalaani moyoni, nikalipa. Nani huwa na msimamo, tani nzima ikiwa imeegama mbele ya mlango wa jirani?

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Tulipoishusha mashine juu ya msingi, boliti tatu ziliingia katika matundu yake na ya nne ikagoma kwa milimita chache. Kosa lilikuwa langu. Kabla ya kumwaga zege ningalipaswa kuivalisha kila boliti kipande cha bomba pana, ili ibaki na nafasi ya kuyumba kidogo, lakini niliona ni kupoteza bomba. Tuliinyanyua tena mashine kwa winchi, tukaingiza magogo chini yake, nami nikalala chali nikilipanua lile tundu kwa tupa ya duara, unga wa chuma ukinidondokea machoni. Hakuna picha ya saa hizo, na nashukuru.

Fundi wa umeme aliunganisha fezi tatu, volti 415, kisha umeme wenyewe ukakatika. Uliporudi kulikuwa na giza, na mota ikazunguka kinyume cha mshale uliochorwa kwenye kifuniko chake. Alibadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya zile tatu, ikazunguka sawasawa.

Nikaweka kipande cha ubao kati ya nyuso za nyundo, kwa maana mashine mpya haianzishwi kwa kugonganisha chuma kitupu, nikakanyaga pedali taratibu. Ardhi ikaitikia. Hajati, mwenye nyumba, alitokea mlangoni akishika kanga yake.

"Fundi, hiyo ni nyundo au tetemeko?"

"Ni nyundo, Hajati."

"Basi kuanzia kesho ilale kabla ya magharibi."

Tuliafikiana. Akanipa ruhusa ya springi moja tu, nami nikaichoma hadi ikawa ya rangi ya chungwa. Kwa kuingia motoni mara mbili ikanyooka na kuwa bapa la kisu. Kijana wangu alisimama kando, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Muuza nyama alikuwa amesikia kishindo hicho, akapiga simu: kwa kuwa sasa nina mashine, je, aje alfajiri? Nilimweleza kwamba nyundo haikinoi kisu, haikizimishi katika mafuta, wala haikioki kwa nyuzi 200 ili ugumu wake upungue kidogo kisije kikavunjika kama kioo. Ijumaa ikabaki kuwa Ijumaa.

Kabla ya kufunga niliweka tena pima maji. Povu lilikuwa limehama kidogo upande wa ile boliti ya nne, na nati zote zilikubali kuzungushwa tena nusu mzunguko.