Siku Moja Maishani Mwangu: Nafundisha Ufahamu wa Kiingereza kwa Vijana Wanaozungumza Kihispania, Houston

Saa 11 alfajiri

Nje bado giza, ila magari ya Bellaire Boulevard hayalali. Nabandika chai ya tangawizi, nafungua kompyuta na kukipitia tena kifungu cha leo. Ni aya nne za Kiingereza nilizoziandika mwenyewe juu ya kimbunga kilichoupiga mji wa Galveston tarehe 8 Septemba 1900. Galveston iko kama kilomita 80 kutoka hapa Houston, na wanafunzi wangu wengi wameshaenda kuogelea huko. Waliokufa siku ile wanakadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 12,000. Hadi leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani.

Napitia neno kwa neno nikijiuliza watakwama wapi. Maneno marefu hayanipi shida: "construction", "population", "destruction" yana ndugu zake katika Kihispania, na mtoto wa Tegucigalpa, Honduras, atayatambua kabla hajafungua kamusi. Wasiwasi wangu uko kwenye vijineno kama "yet", "since" na "though", ambavyo hubeba hoja nzima mgongoni na havifanani na chochote anachokijua. Hivyo nimeviwekea alama ya kalamu nyekundu kwenye nakala yangu.

Vitabu vya mazoezi vingeweka maswali kumi ya kuchagua chini ya kifungu kama hiki. Mimi naacha nafasi tupu.

Saa 1:30 asubuhi

Mabasi ya njano yamepanga foleni. Nafundisha katika shule ya sekondari ya umma, kusini-magharibi mwa jiji. Wanafunzi wangu wana umri wa miaka 14 hadi 17, na wengi wametoka Honduras, Guatemala, El Salvador, Venezuela na Mexico. Wengine wana miezi michache tu nchini. Karibu wote wananiita "Miss", bila jina, kama walivyozoea kumwita mwalimu wa kike.

Haki yao ya kukaa kwenye madawati haya ilipiganiwa hapa hapa Texas. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe iliyoanzia mji wa Tyler, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kuwa jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya shule ya umma kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Mlangoni siulizi mtu karatasi. Nauliza kama amekunywa chai.

Saa 2:30 asubuhi

Kipindi cha kwanza. Natundika picha ukutani kwa projekta: Galveston baada ya kimbunga, mbao za nyumba zimelundikana hadi upeo wa macho. Kisha nasema kwa Kihispania: zungumzeni. Dakika kumi, kwa lugha mnayoitaka.

Wapo walimu ninaowaheshimu wanaoshikilia kwamba darasa la Kiingereza liwe la Kiingereza tupu tangu kengele ya kwanza. Naelewa nia yao, ila sikubaliani nao. Mtu hasomi kwa macho peke yake, anasoma kwa yale aliyokwisha kuyajua, na wanangu hawa wanayajua mambo yao kwa Kihispania. Nikiwazuia kuongea, nimewaingiza kwenye kifungu mikono mitupu.

Binti mmoja, ambaye kwa kawaida husema maneno mawili kwa juma zima, anainua mkono. Ametoka La Lima, Honduras. Novemba 2020 vimbunga Eta na Iota vilifuatana ndani ya wiki mbili, mto Chamelecón ukafurika, na uwanja wa ndege wa pale kwao ukageuka ziwa. Anaeleza jinsi babu yake alivyogoma kutoka nyumbani kwa kuwa mwaka 1998 alikuwa ameshapita kwenye kimbunga Mitch na nyumba ikasimama. Darasa limenyamaza, linamsikiliza. Mwalimu msaidizi, mama wa Kisalvador aliyekaa pembeni, anafuta macho kwa kiganja.

Sasa nagawa karatasi. Sentensi ya tatu inasema: "Although the water kept rising, many families stayed, since they had lived through storms before." Yaani, ingawa maji yalizidi kupanda, familia nyingi hazikuondoka, kwa kuwa zilishawahi kupita kwenye vimbunga. Binti anaisoma kimya, anainua kichwa, anasema: "Como mi abuelo." Kama babu yangu. Hajui maana ya "although", na hiyo "since" ameichukua kwa maana aliyoizoea ya "tangu". Lakini mawazo ya sentensi anayo tayari mkononi, na kutoka hapo kumwonyesha kazi ya "since" kunanichukua nusu dakika. Angekuwa ameanza na kamusi, tungekuwa bado tunahangaika.

Saa 3:15

Bado kipindi kile kile. Wanasoma wawili wawili, sentensi moja baada ya nyingine, na baada ya kila sentensi mmoja anamweleza mwenzake kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nazunguka na kutega sikio.

Aya ya tatu inahusu kituo cha yatima cha St. Mary's kilichokuwa ufukweni Galveston. Kwa Kiingereza kiliitwa "Orphans Asylum". Hakuna aliyeniuliza maana yake. Neno asilo, ambalo kwa Kihispania ni makao ya wasio na pa kwenda na pia hifadhi ya ukimbizi, wanalijua, wengine kwa sababu zisizohusu yatima kabisa.

Kuna sentensi fupi pale: "The boys' dormitory gave way first." Maana yake bweni la wavulana ndilo lililoporomoka kwanza. Kijana wa kutoka Venezuela anamweleza mwenzake kwa uhakika kwamba wavulana walitangulia kutoka, wakawafungulia wengine njia. Ameichukua "gave" kuwa alitoa, "way" kuwa njia, akajenga picha ya uokoaji mahali palipoandikwa maangamizi. Kila neno analijua. Hakuna hata moja la kutafuta kwenye kamusi.

Dawati la nyuma kuna kijana kutoka Kivu Kusini, Kongo, mmoja wa wachache darasani wasiojua Kihispania. Pamoja naye natumia Kiswahili. "Mwalimu," ananiambia, "hilo bweni lilitoa njia kwa nani?" Kosa lile lile, kutoka bara jingine. Nawaita wote wawili mbele, nawaomba wasome sentensi inayofuata, ile inayosema maji yalijaa hadi ghorofa ya pili na watawa wakawakusanya watoto wote kwenye bweni la wasichana. Kisha nauliza: kama wavulana waliongoza njia ya kutoka, mbona wote bado wamo ndani? Kijana wa Venezuela anarudia kusoma, midomo inatembea. Halafu anasema polepole: "Se cayó." Lilianguka. Mkongo anamtazama usoni, anaonyesha kwa mkono kitu kinachoporomoka, na wote wawili wanatikisa kichwa kukubaliana.

Hapo ndipo somo lilipokuwa. Wamejifunza kushtuka pale habari zinapogongana, na kurudi nyuma kusoma tena. Msomaji asiyeelewa lugha vizuri huwa na tabia ya kupita tu, akidhani kutoelewa ni hali yake ya kawaida. Nataka wauone mgongano kama alama ya kusimama.

Saa 4:40

Kipindi cha pili, kifungu kile kile, ugomvi mwingine kabisa. Sentensi inasema: "The sisters tied the children to themselves with clothesline so that they would not be lost." Watawa waliwafunga watoto kwao wenyewe kwa kamba ya kuanikia nguo, ili wasipotee. Nauliza: nani asipotee?

Nusu ya darasa inasema watoto, nusu inasema watawa. Nawaambia watafsiri. Wanaandika "para que no se perdieran", na ugomvi uko pale pale, kwa sababu Kihispania nacho hakisemi ni nani. Hata Kiswahili chetu kingesema "wasipotee" na kutuacha njia panda. Kwa hiyo tafsiri haitatuokoa, inabidi kufikiri. Nawapa kalamu za rangi, kila mtu achore mshale kutoka "they" hadi kwa mwenyewe, na aandike ushahidi wake pembeni.

Binti mmoja wa El Salvador anaandika: watoto, kwa kuwa mkubwa ndiye humfunga mdogo ili asipotee, na mama yake alimshika mkono hivyo hivyo sokoni. Ushahidi huo hauko kwenye karatasi, uko kwenye maisha, na ni ushahidi halali. Kijana mwingine anang'ang'ania kuwa ni wote pamoja, maana kamba haijui nani ni nani. Namwachia. Sentensi inaibeba hoja yake pia.

Watawa 10 na watoto 90 walikufa katika kituo kile. Wavulana 3 walinusurika kwa kushikilia mti. Tunaisoma aya hiyo mara ya mwisho kwa sauti, na hakuna anayekimbiza maneno.

Saa 6 mchana

Chakula. Wali na maharage kwenye kopo, dakika ishirini. Wawili wanakuja kusoma kwa sauti. Kihispania kina irabu tano na kinasomwa kilivyoandikwa, sawa na Kiswahili, ndiyo maana "though", "through" na "tough" zinawakera kama zilivyonikera mimi kidato cha kwanza kule Tanga. Nyumbani tulisema Kisambaa, shule ya msingi ilikuwa Kiswahili, halafu ghafla fizikia kwa Kiingereza. Katika wawili hawa, mmoja anatoka Guatemala na lugha ya mama yake ni K'iche'. Kihispania alikikuta shuleni. Kiingereza ni lugha yake ya tatu, na kila mara anapochelewa kujibu namwambia achukue muda wake, kwa maana anavuka mito miwili.

Saa 7:30 mchana

Darasa la maandalizi ya mtihani. Siwezi kulikwepa, wala sitaki. Ili kumaliza sekondari hapa Texas, kwa kawaida lazima upite mitihani 5 ya jimbo iitwayo STAAR, na miwili kati yake ni ya Kiingereza. Juu ya hapo kila mwaka wanaojifunza Kiingereza hufanya TELPAS, unaopima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mitihani hii inaamua maisha ya watoto, hivyo naiheshimu.

Lakini wengi wanakuja na mbinu waliyofundishana: soma swali kwanza, tafuta neno linalofanana kwenye kifungu, nakili lililo jirani nalo. Leo nimeamua kuikabili. Naandika ubaoni kwa Kiswahili: "Mzee alimkabidhi mjukuu wake panga karibu na kisima." Humu ndani, ambamo yule Mkongo hayumo, hakuna anayejua hata neno moja.

Swali la kwanza: Mzee alimkabidhi nani panga? Wanakodoa macho, kisha mmoja anajaribu: "Mjukuu wake?" Sahihi. La pili: Karibu na nini? "Kisima!" Sahihi, na sasa darasa limechangamka. La tatu naliuliza kwa Kihispania ili kusiwe na kisingizio: kati ya hao wawili, nani mwenye umri mkubwa?

Kimya. Wamepata mawili kati ya matatu na hawajui kama walikuwa wanasoma habari ya mtu, mnyama au gari. Nawaeleza maana yake, na kijana mmoja anashika kichwa. Anasema hivyo ndivyo alivyojibu mazoezi ya mwezi mzima.

Baada ya hapo hatukufanya maswali kumi tuliyopangiwa. Tulifanya mawili, na kwa kila jibu mtu alilazimika kueleza kwa nini yale mengine matatu si sahihi.

Saa 10 jioni

Simu kwa wazazi. Mama mmoja, mfanyakazi wa usafi wa maofisini, ananiuliza swali ambalo karibu kila mzazi huniuliza: aache kusema Kihispania nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza upesi? Namwambia hapana, mama, tafadhali usiache. Mtoto anayejua kufuatilia hoja na kusimulia kwa Kihispania anakuja nayo darasani, ni kazi niliyopunguziwa. Namwomba kila jioni amwombe mwanawe amsimulie kwa Kihispania alichosoma kwa Kiingereza, na amuulize "kwa nini" hata mara tatu. Anauliza kama hilo linatosha, maana yeye Kiingereza hakijui. Linatosha, tena ni msaada ambao mimi siwezi kuutoa.

Saa 2 usiku

Nasahihisha. Kila karatasi naipa alama mbili, moja ya kusoma na moja ya kuandika, na sizichanganyi.

Swali lilikuwa moja: je, kamba iliwasaidia? Karatasi ya kwanza imeandikwa Kiingereza kisafi, herufi zimepangwa vizuri, na yote ni sentensi yangu mwenyewe iliyonakiliwa: watawa waliwafunga watoto kwa kamba ili wasipotee. Ya pili ni ya yule kijana wa K'iche': "The rope no help because children is heavy for the sisters in the water. But they no die alone." Yaani kamba haikusaidia, maana watoto walikuwa wazito kwa watawa majini, lakini hawakufa peke yao. Sarufi imepinda kila mahali. Hilo la uzito sikuliandika popote kwenye kifungu, na la kutokufa peke yao pia sikuliandika. Ameyatoa mwenyewe kwenye maneno yaliyokuwepo.

Kusoma nampa alama zote. Kuandika nampa nusu, na naweka alama kwenye "is" na "no" ili kesho tuzishughulikie. Karatasi ya kwanza naipa alama nzuri za kuandika, na kwenye kusoma nakataa kuweka namba yoyote hadi tuzungumze. Kesho kipindi cha kwanza nitawakalisha pamoja hao wawili. Mmoja ana sentensi, mwenzake ana maana, na aya ya nne, ile ya ukuta wa bahari ulioanza kujengwa Galveston mwaka 1902, bado hatujaigusa.