Fundi bomba na moyo wa mbuzi

Binti yangu, aliye kidato cha pili, aliniuliza kwa nini moyo hutoa milio miwili katika pigo moja. Nikamjibu bila kusita kwamba upande wa kulia hupiga kwanza, kisha wa kushoto hufuata. Nilikuwa nimekosea kabisa, na aibu ilikuwa kubwa zaidi kwa mtu aliyefunga pampu za visima kutoka Mbagala hadi Tegeta kwa zaidi ya miaka 20. Kitabu chake kilieleza kwamba vyumba viwili vya juu, yaani oriko, hujikaza pamoja, kisha ventriko mbili za chini nazo hujikaza pamoja. Sasa mlio wa pili unatoka wapi? Jirani anayefundisha tuisheni alinishauri nimkaririshe tu, ushauri ulioniudhi hata nikaapa kumwonyesha mtoto jambo lenyewe kwa macho.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kifundi mno. Nilichukua chupa laini ya plastiki, nikaifunga vali mbili za shaba za kuzuia maji yasirudi, moja ya kuingizia na nyingine ya kutolea, nikamwambia binti aminye. Vali hazikufunguka, kwa kuwa springi zake zimetengenezwa kwa nguvu ya mota na si ya kiganja cha mtoto. Alipozidisha nguvu, kiungio kilifyatuka na maji yote yakaniishia kifuani mbele ya mama watoto, ambaye aliuliza kama huo ndio mshtuko wa moyo.

Nikatafuta moyo wenyewe. Wa ng'ombe, nilioununua Vingunguti, ulikuwa na mikato kila upande, kwani wakaguzi wa nyama huuchana wakitafuta minyoo ya tegu. Moyo wa namna hiyo haushiki maji, hivyo ukaenda sufuriani. Kesho yake nilimsihi muuza nyama ya mbuzi aniachie moyo mzima pamoja na mshipa mkuu, aota, ukiwa na urefu wa kidole. Alinitoza elfu chache, huku akinitazama kama mteja wa mganga.

Nilisafisha madonge ya damu, nikakata vyumba vya juu ili mlango wa ventriko ya kushoto uonekane, kisha nikachomeka kwenye aota ule mpira mweupe ambao mafundi ujenzi hupimia levo, nikaukaza kwa uzi. Nilijaza maji ventriko, nikaminya. Viwambo viwili vya mlango vikainuka na kukutana, vikizuiwa visipinduke na nyuzi nyeupe zilizo ngumu kama mshipi wa kuvulia, na maji, yalipokosa njia ya kurudi juu, yakapanda ndani ya mpira. Nilipolegeza mkono, yakashuka kidogo, kisha yakasimama pale pale: mlango wa pili, ulio mdomoni mwa aota, ulikuwa umejifunga.

"Baba, kumbe milango hujifunga mara mbili!" alisema, nami nikajifanya nilijua tangu awali. Mlio wa kwanza ni wa milango iliyo kati ya oriko na ventriko, wa pili ni wa ile ya kwenye mishipa itokayo moyoni, na pande zote mbili hufanya hivyo karibu kwa wakati mmoja. Viwambo havina msuli wa kujifunga. Damu inayotaka kurudi ndiyo inayovifunga.

Tulipoupasua, ukuta wa kushoto ulikuwa mnene takriban mara 3 ya ule wa kulia, maana wa kulia hupeleka damu mapafuni tu, hapo jirani, ilhali wa kushoto huihudumia miili yetu yote kuanzia utosini hadi unyayoni. Kwa mtu mzima aliyetulia, kila ventriko hutoa kiasi cha mililita 70 kwa pigo, na kwa mapigo 70 hivi kwa dakika tunapata karibu lita 5, yaani ndoo ya lita 20 kwa dakika 4. Nimefunga pampu zilizoshindwa hata hilo.

Mpira wa levo niliuazima kwa fundi mwenzangu. Nimeuosha vizuri na kuurudisha, ila sijamwambia ulikopita.