Rangi ya nje ya nyumba: anza na bati, ukuta baadae

Watu wengi wakifika hatua ya kupaka rangi nje wanaanza na picha. Wameona nyumba fulani mtandaoni, kijivu fulani hivi kizuri, wanaisevu, wanamuonyesha fundi kwenye simu wanamwambia nataka kama hii. Fundi naye anasema sawa bosi, maana atasema nini. Alafu nyumba ikishakauka wanaanza kuitazama kwa jicho la pembeni, mbona haifanani, huyu fundi kachakachua nini, kumbe wala hajachakachua chochote, ile picha haikuwa na bati lao wala vigae vyao vya barazani wala jua lao, na pia kioo cha simu kinawaka chenyewe wakati ukuta unarudisha tu mwanga unaoupata. Hata siku moja haviwezi kufanana.

Sisi tupo kwenye zoezi hili sasa hivi, nimesoma na kuuliza watu mpaka mume wangu ananiita profesa wa rangi, kwa hiyo acha niyamwage hapa kabla sijayasahau.

Cha kwanza kabisa usianze na ukuta. Anza na vile vitu ambavyo huna mpango wa kuvibadilisha: bati au vigae vya paa, fremu za madirisha, mawe kama umepambia nayo, vigae vya baraza, matofali ya uani. Hivyo vina rangi yake tayari na vitakaa miaka mingi kuliko rangi ya ukuta, ambayo kusema ukweli ndo kitu rahisi kubadilisha kuliko vyote hapo nje. Sa mtu ana bati la maruni, fremu za kahawia, alafu anang'ang'ania kijivu chenye ubluu kwa sababu ndo kinatamba. Kitagombana na bati kila siku asubuhi. Bati la maruni au kahawia linapenda ukuta wenye joto ndani yake, krimu, rangi ya mchanga, beji, au kile kijivu kinachoelekea kwenye kahawia. Bati la kijivu, nyeusi au bluu linakubali nyeupe safi, kijivu baridi, hata kijani kile kilichofifia kama majani yaliyokauka kivulini. Sio sheria ya serikali, unaweza kuivunja, ila uivunje ukijua.

Na hapa ndo kuna kile kitu kinachowachanganya wengi, rangi iliyojificha ndani ya rangi. Krimu haiko moja. Kuna yenye njano, kuna yenye pinki, kuna yenye kijani kwa mbali, na ukiiangalia peke yake kwenye kadi ya sampuli za rangi ya dukani huoni lolote, unaona krimu basi. Chukua karatasi nyeupe ya printa uiweke juu yake, hapo hapo ile pinki inajitokeza. Njia nyingine, kama kadi imepangwa kuanzia rangi hafifu kwenda kolevu, angalia ile kolevu kabisa ya mwisho kwenye mstari huo huo, ikiwa ni pichi basi na ile ya juu uliyodhani ni nyeupe mara nyingi ina pichi ndani, na siku ikijaa ukuta mzima utaiona vizuri tu bila kuambiwa.

Hili la rangi kuharibiwa na jirani yake lina historia ndefu. Kuna Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyekuwa anasimamia utiaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins pale Paris, wale wa mazulia ya kutundika ukutani. Watu walikuwa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi za pale zimepoa, hazina nguvu. Akazichunguza akakuta nyeusi yao haina shida kabisa, shida ni rangi zilizofumwa pembeni yake, hizo ndo zilikuwa zinaifanya ionekane dhaifu. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kikatoka 1839, kinene kweli, na mpaka leo watu bado wanampigia simu fundi kumlaumu kwa kosa la bati. (Ukitaka kuhakikisha, shika kadi ya kijivu kwenye mkono mmoja uisogeze karibu na bati jekundu, alafu uipeleke karibu na majani mabichi. Utadhani umebadilishiwa kadi.)

Tukija kwenye jua sasa. Mchana wa jua kali nje mwanga unafika kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati ndani ya duka lenye taa nzuri tu ni mia kadhaa, labda 1,000 hivi. Kwa hiyo rangi uliyoipenda dukani ikitoka nje inapauka, inaonekana nyepesi na pia kali zaidi kwa wakati mmoja. Mafundi wazoefu watakwambia shuka hatua moja au mbili kwenye kadi, chukua iliyokolea kidogo au iliyochanganywa kijivu zaidi kuliko unayoitaka, na ukiwa dukani utaona kama imefubaa, usiogope, jua litaisafisha. Njano ndo ya kuiangalia kwa makini kuliko zote. Ile njano ya upole kwenye kadi ndogo, ukiipaka nyumba nzima inapiga kelele mpaka barabarani.

Kwenye katalogi nyingi utakuta kuna namba imeandikwa LRV, watu wanaipita tu, lakini ni namba ya maana sana. Inakwambia rangi inarudisha mwanga kiasi gani, 0 ni giza tupu na 100 ni nyeupe isiyo na doa, rangi zote za dukani ziko katikati hapo. Ukichukua nyeupe yenye 85 au 90 kwa nyumba iliyokaa peupe bila mti hata mmoja, saa sita mchana utaitazama umekunja uso. Mi naona kuanzia 55 mpaka 70 hivi pametulia kwa ukuta mkubwa, ni maoni yangu tu, wenye miti mingi wanaweza kupanda juu kidogo.

Kujaribu sasa, na hapa sitanii. Usipake vile viraka vidogo vya rangi sita vikiwa vimeshikana ukutani, maana vinachafuana vyenyewe kwa vyenyewe, rudi kwa Mfaransa wetu. Tafuta vipande vya ubao au jipsam bodi, vikubwa, kama mita moja kila upande ukiweza, upige mikono miwili kamili, yaani upake mara mbili, viache vikauke kabisa maana rangi mbichi na iliyokauka hazifanani. Faida ya ubao ni kwamba unatembea nao, unausimamisha chini ya bati, pembeni ya dirisha, karibu na vigae, upande wa jua na upande wa kivuli. Utashangaa. Asubuhi na jioni mwanga una njano na wekundu ndani yake, kila kitu kinapendeza muda huo hata kiwe kibaya vipi, kwa hiyo usiamue saa kumi na mbili jioni. Ule ukuta ulio kivulini unapata mwanga wa anga ambao una ubluu, ndo maana kijivu kilichokuwa safi kabisa kwenye jua kinageuka bluu ukizunguka nyuma ya nyumba. Angalia pia siku ya mawingu. Na urudi nyuma hatua za kutosha mpaka uone nyumba nzima, hakuna mgeni anayekuja kusimama na pua ukutani.

Mume wangu yeye alitaka kijivu cha mkaa, ile karibu nyeusi, nyumba nzima. Nilinyamaza nikamwachia fundi. Fundi akautazama ukuta wa magharibi akasema, "Mzee, itapendeza sana, ila huo ukuta saa kumi jioni utauwekea mkono uutoe mwenyewe." Mume wangu akasema si ni rangi tu jamani. Si rangi tu. Rangi nyeusi inameza joto la jua badala ya kulirudisha, ukuta unapanuka mchana na kusinyaa usiku kila siku, na nyufa ndogo ndogo za plasta zinaanzia hapo kwa urahisi zaidi. Alafu rangi kolevu inachanganywa kwenye besi (ile rangi ya msingi kabla haijatiwa rangi uliyochagua) yenye nyeupe kidogo sana, na hiyo nyeupe, unga wa titani, ndo inayosaidia kufunika ukuta vizuri, sa ikiwa kidogo wakati mwingine inabidi upige mikono mitatu hata minne. Na zile chumvi nyeupe zinazotoka kwenye plasta, kwenye krimu huzioni, kwenye mkaa zinaonekana toka getini. Tukakubaliana mkaa uende kwenye fasia bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, na nguzo za baraza, ukuta ubaki rangi ya mchanga. Anasema alishindwa kwa hila, sawa.

Kuhusu kupauka, hii ningependa kila mtu aijue kabla hajalipa. Rangi hazipauki sawasawa. Zile zinazotokana na madini ya chuma, wekundu wa udongo, njano ya udongo, kahawia, hizo ni ngumu sana, binadamu wamechora nazo kwenye mapango miaka makumi elfu iliyopita na bado zinaonekana. Wekundu mkali ule wa kung'aa, njano kali, zambarau, hizo mara nyingi zinatengenezwa na kemikali nyingine na jua linazila haraka zaidi, utakuta upande mmoja wa nyumba bado upo vizuri na mwingine umeshakuwa pinki. Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye wekundu, nenda kwenye wekundu wa tofali. Ukiupenda ule wa kung'aa upake mlango, mlango unarudiwa kwa siku moja.

Alafu uchafu. Mvua ikipiga chini inarusha tope ukutani, ule mstari wa chini wa nyumba utachafuka tu hata ufanyeje, ndo maana wenye akili wanapaka mkanda mweusi zaidi pale chini, sentimita 40 mpaka 60 hivi, na wanatumia rangi inayooshwa. Ukuta wenye kivuli na unyevu unaota ukijani, hapo rangi hafifu sana ni kujitafutia kazi. Barabara ya vumbi mbele ya nyumba? Sogea kwenye rangi inayofanana na vumbi lenyewe, maisha yanakuwa mepesi.

Mng'ao nao unabadilisha rangi. Mati, ile isiyong'aa, inaficha makosa ya plasta, inaonekana tulivu, siliki, yenye mng'ao kiasi, inaoshwa vizuri zaidi ila jua la ubavuni linaonyesha kila nundu aliyoiacha fundi wa plasta. Kwa ukuta mkubwa wa nje mi nachagua mati au yenye mng'ao mdogo kabisa, ya kung'aa ibaki kwenye mbao na vyuma. Rangi tatu zinatosha, ya ukuta, ya pembeni, na moja ya mlango au geti. Bomba za maji ya mvua zipake rangi ya ukuta zipotee, sijui kwanini watu wanazipamba kwa nyeupe kama ni nguzo za ikulu.

Kama plasta ni mpya subiri, kawaida inatajwa siku 28, maana saruji ikiwa bichi ina ukali unaoweza kubabua rangi mabaka mabaka, na ukali huo unagusa hata rangi yenyewe sio kushika kwake tu. Kama huwezi kusubiri angalau tumia praima, ile inayopakwa kwanza chini ya rangi, inayohimili ukali huo.

Mwisho kununua. Piga hesabu ya eneo lote kabla hujaenda dukani, kopo litakwambia lita moja inafunika mita 10 au 12 za mraba kwa mkono mmoja lakini hiyo ni kwa ukuta laini, ukuta wenye mikwaruzo unakunywa zaidi, wakati mwingine karibu mara mbili. Nunua yote mara moja, angalia namba ya toleo kwenye makopo ifanane, na hata ikifanana mwambie fundi achanganye ndoo pamoja kabla hajaanza, maana tofauti ndogo ambayo huioni kwenye kopo utaiona katikati ya ukuta. Ikitokea ndoo zimekaribia kuisha asiishie katikati, amalizie kwenye kona.

Iliyobaki ifunge vizuri kwa ajili ya viraka vya baadae, na ile namba ya rangi iliyobandikwa juu ya kopo ipige picha alafu uiandike kabisa kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati, maana kibandiko kinachafuka, risiti inafutika, na simu unaweza kuibadilisha kabla ukuta haujahitaji kurudiwa.