Dhahabu ya Ndani ya Sanduku

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimelemewa, sitawaficha. Mnaonifahamu mnajua kwamba natunga nyimbo za kwaya, na mnajua nimekuwa na wimbo wa Sikukuu ya Mavuno mkononi tangu Kwaresima. Juzi mazoezini kamati iliamua tuuache, tuimbe ule unaovuma mitandaoni, kwa kuwa watu wameshauzoea. Nikaitikia, nikakusanya karatasi zangu za nota. Usiku usingizi ukagoma. Wenzangu niliotoka nao mbali wana albamu na watazamaji maelfu kwa maelfu, mimi nina madaftari. Na wiki hiihii kijana mmoja, fundi kweli wa kupanga sauti, ameniandikia kwamba anaacha kutunga. Wimbo wake uko YouTube miezi sasa, na waliousikiliza ni ndugu zake na wanakwaya wenzake.

Nikaanza kumtafutia neno la kumtia moyo, nikajikuta kwa Bezaleli, yule fundi wa hema ya kukutania, hema ya ibada ya Israeli jangwani wakati wa Musa.

"Nimemwita kwa jina lake," ndivyo Bwana anavyosema katika Kutoka 31, "nami nimemjaza roho ya Mungu." Amejazwa ili achonge miti, akate vito, afue dhahabu. Wengi tunalijua hilo na tumelihubiri. Kilichonishika safari hii ni sura ya 37, pale anapotengeneza sanduku la agano. Mti wa mshita, urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, kimo dhiraa moja na nusu. Halafu akalifunikiza dhahabu safi, ndani na nje.

Ndani! Nani angeiona ndani? Humo ziliwekwa mbao za ushuhuda, zile za mawe zenye Amri Kumi, juu kikakaa kiti cha rehema, yaani kifuniko chake cha dhahabu, basi. Watu wa Beth-shemeshi waliochungulia baadaye walipigwa na Bwana. Hata hivyo fundi huyu aliinamia lile sanduku tupu, akalilaza bamba la dhahabu kwenye pembe ambazo hakuna jicho la mwanadamu lingezikagua. Kisha akageukia makerubi mawili, sanamu za viumbe vya mbinguni vyenye mabawa, kazi ya kufua, pigo juu ya pigo, mpaka mabawa yakatanda juu ya kiti cha rehema na nyuso zikaelekeana.

Na kazi hiyo, iliyo bora kuliko zote alizowahi kuzigusa, ilipelekwa wapi? Nyuma ya pazia la hema, Patakatifu pa Patakatifu. Kuhani mkuu peke yake aliingia, mara moja kwa mwaka, na Walawi 16 inasema aliingia na moshi wa uvumba ukikifunika kiti cha rehema, asije akafa. Kambi ilipohama, Haruni na wanawe walilifunika sanduku kwa pazia, na ngozi za pomboo, na nguo ya samawi, ndipo Wakohathi, ukoo mmoja wa Walawi, wakalibeba mabegani. Waliolibeba hawakuliona. Bezaleli mwenyewe alikuwa wa Yuda, hakuwa hata Mlawi, wa kabila la watumishi wa hema. Tangu pazia lile litundikwe hakuwa na ruhusa ya kuitazama tena kazi ya mikono yake.

Ndugu yangu unayetunga, unayechora, unayechonga, unayeandika tamthilia ya vijana wa usharika na kuiona ikichezwa mara moja tu kisha ikasahauliwa: kaa hapo kidogo. Mtazamaji wa kazi bora ya Bezaleli alikuwa mmoja kwa mwaka, tena katikati ya moshi. Je, alishindwa? Kutoka 39 inasema Musa aliikagua kazi yote, akaona wameimaliza vilevile kama Bwana alivyoagiza, akawabariki. Hicho ndicho kipimo. Halafu utukufu wa Bwana ukaijaza maskani, ndiyo hema ile. Mungu alikuja kukaa katikati ya kazi ya fundi! Unatafuta watazamaji gani zaidi ya huyo?

Watu watakuambia ujiamini. Mimi juzi usiku nilitafuta hiyo imani ndani yangu nisiione. Nilichokiona ni kwamba nimeitwa kwa jina, na aliyeniita hajabadili neno lake kwa sababu kamati imebadili wimbo. Hapo naweza kusimama, na wewe unaweza.

Mlutheri mwenzetu Bach, mtunzi wa Ujerumani, alipopewa kazi ya kuongoza muziki wa kanisa mjini Leipzig mwaka 1723, baraza la mji lilikuwa limewataka kwanza watunzi wengine, Telemann na Graupner. Akatunga kwa ajili ya ibada Jumapili baada ya Jumapili, akifunga nyimbo nyingi kwa herufi S.D.G., Soli Deo Gloria, Kilatini cha utukufu kwa Mungu pekee. Alifariki mwaka 1750, na umati ulianza kumrudia baada ya mtunzi Mendelssohn kuongoza Mateso ya Mathayo, kazi ya Bach, huko Berlin mwaka 1829. Wengi husimulia kana kwamba huo wa 1829 ndio ulikuwa ushindi wake. Sikubali. Alikuwa kaburini. Alichokuwa nacho yeye ni Jumapili inayofuata na wavulana wa kufundisha.

Lakini vijana, tusielewane vibaya. Kuna wanaoleta wimbo mazoezini besi haijakamilika, ukiuliza wanasema Roho ataongoza. Bezaleli alijazwa Roho na bado alishika nyundo. Wale waimbaji 288 wa mfalme Daudi, katika 1 Mambo ya Nyakati 25, wanaitwa wastadi, watu waliofundishwa. Imba kila sauti peke yake, usikie ya tatu inavuta pumzi wapi, kisha mpelekee anayejua kuliko wewe, uvumilie kusahihishwa.

Nanyi wazee wa usharika na viongozi wa kwaya, hili nalisema kwa upendo, lakini nalisema. Fedha za sare zinapatikana, za kinanda na spika zinapatikana, na mtunzi anatembea kwa miguu usiku kutoka mazoezini kwa kukosa nauli. Siku ya uzinduzi anatajwa mgeni rasmi, wanatajwa wafadhili, aliyetunga amekaa safu ya nyuma kimya. Musa alisimama mbele ya Israeli wote akamtangaza Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila ya Yuda, na fundi mwenzake Oholiabu mwana wa Ahisamaki, wa kabila ya Dani. Jumapili hii, kabla kwaya haijafungua kinywa, mwenye kipaza sauti amtaje mtunzi kwa jina lake, na la baba yake kama mnalijua.