Kuku, paka na mbwa kwenye ua mmoja: uzoefu wangu

Nusura nimtupe paka wangu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam, kwenye kiwanja kidogo chenye ukuta upande mmoja na michongoma pande zilizobaki. Mwaka 2019 nilinunua mitetea wanne wa kienyeji na jogoo mmoja. Nyumbani tayari walikuwepo Chausiku, paka jike mwenye madoa, na Jasiri, mbwa wetu ambaye wakati huo alikuwa bado mtoto. Koo wa kwanza aliatamia mayai 11, na siku ya 21 akatotoa vifaranga 9. Wiki moja baadaye wamebaki 4.

Nyumba nzima ilimnyooshea kidole Chausiku. Mume wangu akasema tuvuke naye pantoni, tumwache soko la samaki kule Feri, hatakosa chakula. Mimi nilikuwa nimeshatafuta mfuko wa kumbebea. Kilichonizuia ni bibi jirani yetu, mfugaji wa miaka mingi, aliyekuja kuchota maji akanikuta nalia.

"Mwanangu, umemwona akikamata?"

"Sijamwona, bibi. Lakini ni nani mwingine?"

"Basi kaa kwanza uangalie. Paka akila kifaranga huacha manyoya."

Jumamosi nikakaa kibarazani tangu saa moja asubuhi. Chausiku alikuwa amelala juu ya mfuniko wa karo, hana habari. Kama saa tatu hivi wakatua kunguru wawili, hawa wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa pwani yote. Mmoja akamwendea koo kwa mbele, akamchokoza, akaruka, akarudi. Koo akamfukuza. Wa pili akashuka nyuma yake, akanyakua kifaranga na kupaa nacho hadi kwenye mnazi. Yote hayo hayakuchukua hata dakika moja.

Siku hiyo hiyo nikanunua tenga. Koo na wanawe wanashinda chini ya tenga, na juu yake ninaweka tofali ili lisipinduliwe. Jioni, kunguru wakishaenda kulala, ninawatoa watembee kwa muda wa saa moja nikiwa pale pale. Ninafanya hivyo kwa wiki sita. Bibi yeye huwapaka wake rangi ya waridi ili mwewe na kunguru wawashangae. Nilijaribu mara moja, kunguru wa kwetu hawakushangaa.

Sisemi paka hana hatia kabisa. Chausiku aliwahi kuua kifaranga mmoja, aliyepotea nyuma ya choo akilia peke yake. Kitu kidogo, kinakimbia, kinapiga kelele, mama yake hayupo: hapo paka yeyote atarukia. Nilichojifunza ni kwamba mwalimu wa paka ni koo mwenyewe. Siku ya pili ya vifaranga wapya nilimwacha Chausiku asogelee tenga. Akaingiza mkono kwenye tundu. Koo akaushukia kwa mdomo, akarudia puani paka alipoinama kuchungulia. Tangu siku ile Chausiku akiona koo mwenye watoto huzunguka njia ya mbali. Kwa hiyo sitenganishi vifaranga na mama yao mapema, ingawa wengi hufanya hivyo ili koo arudi kutaga haraka. Anayenunua vifaranga wasio na mama lazima awe na banda la wavu wa matundu madogo, nusu inchi, maana kwenye matundu makubwa mkono wa paka unapita mpaka begani.

Jambo lingine ni tumbo. Watu humnyima paka chakula ili akamate panya. Kwangu Chausiku anakula ugali na dagaa asubuhi kabla sijafungua banda, na panya bado anakamata. Na panya wapo, kwa sababu penye pumba hawakosi. Chakula cha kuku ninakiweka kwenye pipa lenye mfuniko, mabaki ninayafagia jioni. Sumu ya panya haiingii kwenye ua wangu: panya aliyeila huliwa na paka, na kuku naye hudonoa chochote anachokikuta.

Jasiri alinipa kazi ya aina nyingine. Hakuwa na nia ya kula kuku, alitaka mchezo, lakini kuku akikimbizwa vile anaweza kufa kwa mshtuko. Kwa wiki tatu nilimfunga kamba kiunoni kwangu kila nilipokuwa nalisha kuku. Akiwakodolea macho, namwita. Akinigeukia, nampa kipande cha dagaa. Leo hulala nao kwenye kivuli cha mwembe. Mayai ndiyo yalikuwa shida zaidi, kwani mtetea mmoja alizoea kutaga kwenye maua, na mbwa akishaonja yai ni vigumu kuacha. Dawa ilikuwa kuinua viota mpaka usawa wa kifua changu na kuokota mayai mara mbili kwa siku.

Lakini kilichonitisha kuliko yote hayo kilitoka dukani. Mwaka wa pili niliona kuku wana vidoa vyeusi vimeng'ang'ania kuzunguka macho na kwenye upanga, kama mbegu za ufuta. Siku chache baadaye nikaviona kwenye ncha za masikio ya Chausiku, kisha kwa Jasiri. Nikadhani ni ukurutu. Kumbe ni viroboto wa kuku, wale wanaoganda mahali pamoja na kunyonya, na hawachagui kati ya kuku, paka na mbwa. Nikanunua poda ya viroboto na utitiri wa kuku, nikanyunyiza bandani na ndani ya viota.

Chausiku alikuwa na tabia ya kulala kwenye kiota kilicho kitupu. Jioni nikamkuta anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka, masikio yanacheza yenyewe. Nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo mara mbili, nikamfunga taulo, tukapanda bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo. Alisoma kopo nililokuja nalo, akanionyesha neno permethrin. Dawa hii kuku na mbwa wanaivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Akamchoma sindano ya kutuliza mtetemo. Tulikaa naye usiku kucha, na siku ya tatu ndipo alipokula. Yule muuzaji hakuniuliza kama nina paka, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kuulizia.

Sasa viroboto nawatoa hivi: waliokwisha kuganda nawapaka mafuta mazito ya mgando, wanakosa pumzi na kudondoka. Maranda ya viotani natoa yote na kuchoma, sakafu ya banda namwagia maji yanayochemka, kisha naweka majivu kwenye shimo ambalo kuku wanaogea vumbi. Ni kazi ya kurudia kila wiki kwa mwezi mzima. Banda limewekewa mlango ambao paka hawezi kusukuma, na hilo lilinisaidia pia kwa sababu Chausiku alikuwa ameyafanya maranda kuwa choo chake.

Kuhusu chanjo nasema kwa ufupi. Kuku wanapata ya kideri (mdondo), tone moja jichoni kila miezi mitatu. Paka na mbwa wanapata ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Na kuku akifa kwa ugonjwa, mchome au mfukie chini sana. Jasiri aliwahi kufukua mzoga na kuutembeza mpaka kwa jirani, na kideri husafiri hivyo hivyo.

Kenge bado hajanishinda wala sijamshinda. Anapita kwenye michongoma mchana wa jua kali, na mwezi uliopita alimeza mayai manne. Nimeanza kuziba chini kwa mabati.

Koo wangu mweusi yuko siku ya 18 kwenye mayai 12, pembeni ya jiko la nje. Chausiku amelala hatua tano kutoka pale, mgongo ameugeuzia kiota. Tenga limeshakarabatiwa, tofali liko tayari.