Siku moja kazini: seva na programu-mteja zisipoelewana kwa XML

Saa 2:00 asubuhi. Taarifa inasema tu kwamba huduma ya SOAP (kanuni za programu kutumiana ujumbe wa XML, maandishi yenye lebo) imegoma. Kabla ya kugusa msimbo, nanasa ujumbe wenyewe ukiwa njiani: ombi, jibu, vichwa vya HTTP na mwili wote. Msimbo unaonyesha kilichokusudiwa, ujumbe unaonyesha kilichotumwa. Nauhifadhi baiti kwa baiti, bila kuupanga upya ili usomeke vizuri.

Saa 2:30. Vichwa. SOAP 1.1 hutaka Content-Type ya text/xml na kichwa cha SOAPAction, SOAP 1.2 hutaka application/soap+xml. Zikichanganywa, seva nyingi hujibu 415 (aina ya maudhui haikubaliki). Kosa likitajwa kuwa mstari wa 1, nafasi ya 1, mara nyingi kilichorudi si XML hata kidogo, ni ukurasa wa HTML wa kuingia au wa hitilafu ya proksi (seva ya kati).

Saa 3:30 hadi saa 6:00. Muda mrefu zaidi huliwa na kosa lisilopiga kelele: seva imejibu 200 (sawa), programu-mteja haijalalamika, lakini sehemu zote ni tupu. Hili ndilo ninaloliogopa, kwa sababu data pungufu huingia kwenye hifadhidata bila mtu kujua.

Mshukiwa wa kwanza ni nemspesi, yaani anwani inayotofautisha majina ya elementi (lebo za XML). Kiambishi, jina fupi linaloiwakilisha, kikitofautiana si neno. Kinacholinganishwa ni anwani nzima, herufi kwa herufi, hata mkwaju wa mwisho. Natazama pia elementFormDefault kwenye skima (faili inayoeleza umbo la XML). Isipoandikwa, thamani yake ni unqualified: elementi kuu ina nemspesi, elementi za ndani hazina. Upande mmoja ukidhani zote zinayo, za ndani hazitambuliki na hurukwa.

Mshukiwa wa pili ni mpangilio. DataContractSerializer, kifaa cha .NET (jukwaa la Microsoft) cha kugeuza data kuwa XML na kuirudisha, usipoweka Order (namba ya zamu), husubiri elementi kwa alfabeti, za klasi mama zikitangulia. Iliyokuja nje ya zamu hupuuzwa kimya kimya.

Saa 8:00 mchana. Thamani. xs:dateTime (aina ya tarehe na saa) haikubali 05/03/2024, inataka 2024-03-05T08:00:00Z. Bila Z au tofauti ya saa, kila upande unaweza kuisoma kwa saa zake. Desimali ni 12.50, kamwe si 12,50. Na elementi tupu ya tarehe haimaanishi "hakuna": tumia xsi:nil="true" kama skima ina nillable (ruhusa ya utupu), au iache kabisa kama minOccurs (idadi ya chini inayotakiwa) ni 0.

Saa 9:30. Herufi haramu. Chini ya namba ya herufi 0x20 (kwa heksadesimali), XML 1.0 huruhusu 0x09, 0x0A na 0x0D tu. Kuandika  hakusaidii, bado ni haramu. Safisha maandishi kwa mtumaji.

Saa 10:30. Orodha fupi inapita, ndefu inakwama: WCF, mfumo wa .NET wa huduma za mtandao, hupokea hadi baiti 65,536 kwa kawaida. maxReceivedMessageSize huongezwa kwa anayepokea, kwa hiyo jibu likiwa kubwa, badilisha mipangilio ya programu-mteja, si ya seva.

Saa 11:00 jioni. Nasahihisha WSDL (faili inayoeleza huduma), kisha nazalisha upya msimbo wa programu-mteja. Siugusi kwa mkono, kwa kuwa uzalishaji unaofuata utafuta kila nilichobadilisha.